Hamisha Bia Kimya, Mashapo Yabaki Chini

Mazungumzo ya leo ni ya saa moja tu katika maisha ya bia ya kupika nyumbani: saa ya kuitoa kwenye ndoo ilimochachukia na kuiingiza kwenye chupa. Wanaoanza kupika huuliza sana kuhusu kimea, kuhusu hopsi, kuhusu aina ya chachu na joto la chumba. Saa hii ya kuhamisha huachiwa mistari miwili mwishoni mwa maelekezo, kana kwamba kilichobaki ni kumimina tu. Mimi naamini kinyume chake. Bia nyingi zilizopikwa vizuri na kuchachuka vizuri huharibikia hapa, mikononi mwa mtu aliyevumilia wiki tatu nzima akashindwa kuvumilia dakika ishirini za mwisho.

Na kwa kuwa tuko redioni, nianze na jambo la kusikiliza. Bia inayohamishwa vizuri haina sauti. Ukisikia inamwagika na kurukaruka, jua hewa inaingia humo. Ukisikia mpira wa kuhamishia unakoroma, jua umefika chini na unavuta mashapo pamoja na hewa. Makosa makubwa ya kazi hii ni hayo mawili, na yote mawili husikika hata ukiwa umefumba macho.

Kwanza tuelewane ni bia gani. Nazungumzia bia ya shayiri ya mtindo wa Kiingereza, ile ya rangi ya shaba, inayochachuka kwenye nyuzi joto 18 hadi 20, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Desturi ya kupika bia hii jikoni, kama tunavyoijua leo, ilikulia Uingereza na Marekani. Waingereza walianza kudai leseni kwa wapikaji wa nyumbani mwaka 1880, na leseni hiyo ikadumu hadi 1963, Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoifuta kwenye bajeti yake. Wamarekani walisubiri zaidi. Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu upishi wa nyumbani mwezi Oktoba 1978. Naitaja historia hii kwa sababu imeacha alama kwenye vipimo. Maelekezo mengi yameandikwa kwa galoni tano, na galoni tano za Kiingereza ni karibu lita 23, lakini galoni tano za Kimarekani ni lita 19. Angalia kwanza maelekezo yako yametoka upande gani wa Atlantiki, maana sukari ya kutia kwenye chupa hupimwa kwa ujazo wa bia, na tofauti ya lita nne si ndogo.

Huku kwetu sheria hutofautiana nchi na nchi. Uliza kabla hujawasha jiko. Na ninachozungumzia ni kuchachusha tu. Kukeneka ni jambo jingine, lina hatari zake, na halimo katika mazungumzo haya.

Haya, tufungue ndoo. Wiki mbili au tatu zimepita. Povu lililokuwa limepanda hadi karibu na mfuniko limeshuka, limeacha duara la kahawia ukutani mwa ndoo. Bia imetulia. Chini kabisa kuna tabaka la mashapo, sentimita mbili, pengine tatu. Ukitumia chombo cha kioo utaona kwamba tabaka hilo lenyewe lina sehemu mbili. Ya chini ni nyeusinyeusi, ina ukijani, na hiyo ni mabaki ya hopsi pamoja na protini za shayiri zilizoganda wakati wa kuchemsha. Ya juu ni nyeupe kama krimu, laini, na hiyo ndiyo chachu. Imemaliza sukari iliyopewa, imejilaza. Ni laini kiasi kwamba ukiigusa ndoo kwa goti tu, utaona wingu dogo linainuka kutoka kwenye tabaka hilo, linapanda kidogo, linasambaa. Wingu hilo likishapanda, litachukua saa nyingi kushuka tena.

Mtu wa Kilimanjaro au wa Kakamega ana haki ya kuuliza: sasa ubaya wa mashapo ni nini? Mbege hunywewa ikiwa na uji wake wa kimea cha ulezi. Busaa haijawahi kuwa angavu na hakuna anayeilaumu. Wateso wa Uganda na Kenya huketi kuzunguka mtungi wa ajono na mirija mirefu, na ncha ya mrija ina kichujio kidogo kinachozuia machicha yasipande mdomoni. Watu wa Sumeri, miaka zaidi ya elfu nne iliyopita, walichorwa wakinywa kwa mirija kutoka kwenye mtungi vivyo hivyo. Kwa hiyo mashapo si uchafu, na chachu si adui. Ina protini, ina vitamini za kundi B, na babu zetu walishiba nayo.

Tofauti iko kwenye chupa. Mbege na busaa ni pombe za siku moja au mbili; zinanywewa zikiwa bado zinachachuka, na chombo chake kiko wazi. Bia ya chupa inafungiwa. Itakaa humo wiki, miezi, ndani ya gesi iliyobanwa. Chachu nyingi iliyokufa ikikaa na bia muda mrefu namna hiyo huanza kuvuja yaliyomo ndani yake, na ladha ya mchuzi mzito, ya nyama iliyochemshwa, hujipenyeza. Vipande vya hopsi na protini vinakuwa sehemu ambazo gesi inashikilia. Ukifungua kizibo, povu linatoka lote kwa mara moja na nusu ya bia iko mezani. Halafu kuna uchungu wa mashapo yenyewe, mkali, unaobaki kwenye ulimi, ambao hauna uhusiano wowote na uchungu mzuri wa hopsi. Unafungua chupa uliyoingoja mwezi mzima, na bilauri ya kwanza tu ina rangi ya maji ya mtaro. Inauma.

Basi tunayaacha mashapo chini, lakini hatutaki kuifukuza chachu yote. Tunaihitaji. Bia inayoonekana safi kabisa kwa macho bado ina chembe za chachu kwa mamia ya maelfu katika kila mililita moja, na hizo ndizo zitakazokula sukari kidogo tutakayoongeza na kuitia bia gesi ndani ya chupa. Wengi huogopa kwamba wakisafisha sana bia haitapata gesi. Kwa njia za nyumbani, bila mashine ya kuchuja, hilo si la kuhofia.

Sasa, nani anayesafisha bia? Uzito wake wenyewe, na muda. George Gabriel Stokes, mwanahisabati aliyezaliwa Ireland mwaka 1819 na kufundisha Cambridge karibu maisha yake yote, alionyesha jinsi kitu kidogo cha mviringo kinavyozama ndani ya kimiminika. Kasi ya kuzama hukua kwa mraba wa upana wa kitu hicho. Chembe moja ya chachu ina upana wa elfu tano hadi elfu kumi za milimita... hapana, niseme vizuri ili nisieleweke vibaya: gawanya milimita moja mara elfu, kisha chukua sehemu tano hadi kumi. Chembe ya namna hiyo ikiwa peke yake hushuka milimita chache tu kwa saa. Ndoo ina kina cha sentimita thelathini na ushee. Piga hesabu, utaona ni siku kadhaa, na hapo bia iwe imetulia tuli. Lakini chembe zikishikana zikawa donge lenye upana mara kumi, kwa kanuni ya Stokes donge hilo linashuka kwa kasi ya karibu mara mia.

Na chembe hushikana. Sukari inapokwisha, protini zilizo kwenye ngozi ya chembe moja hushika sukari zilizo kwenye ngozi ya jirani yake, kalsiamu iliyomo majini ikisaidia. Chachu za Kiingereza zinasifika kwa hili. Nyingine hushuka kwa wingi ndani ya siku mbili na kuacha bia inayong'aa. Chachu za bia ya ngano ya Bavaria hazishikani sana, na ndiyo maana bia ile ni ya ukungu, na Wajerumani wanaipenda hivyo. Kwa hiyo kabla hujailaumu mikono yako, jua kwanza ulitia chachu gani.

Baridi nayo husaidia sana. Ukiwa na friji inayoweza kumeza ndoo, iweke humo kwenye nyuzi 2 hadi 4 kwa siku mbili. Chachu inalala, inashuka, na tabaka la chini linakuwa gumu kiasi, halisumbuki kirahisi. Uangalie tu kizibo cha kupumulia: bia inapopoa, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji ya kwenye kizibo kuingia ndooni. Punguza maji hayo mapema, au tia maji yaliyochemshwa. Aliyeko Njombe, Limuru au Kabale, sakafu ya saruji usiku inamsaidia nusu ya safari. Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa asijidanganye, bila friji kazi hii ni ngumu, kuanzia kuchachusha kwenyewe.

Hapa nitoke njiani kidogo, maana kuna jambo linalotugusa. Kwa karne mbili na zaidi, watengenezaji bia wa Uingereza wamesafisha bia kwa utando wa mabondo ya samaki. Mabondo hukaushwa, huyeyushwa kwenye asidi hafifu, na myeyuko huo hukusanya chachu na kuizamisha. Zamani walitumia ya samaki stajoni kutoka Urusi, ghali mno, mpaka William Murdoch akaonyesha mwaka 1795 kwamba ya chewa wa baharini yanafaa pia. Kampuni ya Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba inaachana nayo, na wasiokula nyama wakafurahi. Wavuvi na wachuuzi wa Mwanza na Kisumu wanalijua bondo la sangara linavyothaminiwa, ingawa safari yake kubwa leo ni kwenda China kuliwa. Kwa ndoo moja ya nyumbani huhitaji bondo. Siku mbili za baridi zinatosha.

Kabla hujagusa mpira, hakikisha bia imemaliza. Hili ni la usalama, wala si la ladha tu. Pima uzito wa bia kwa haidromita leo, pima tena baada ya siku mbili au tatu. Namba ikiwa ileile, tuseme 1.012 na 1.012, imemaliza. Namba ikiwa bado inashuka, iache. Ukiifungia bia ambayo haijamaliza, sukari iliyobaki itageuka gesi ndani ya chupa iliyozibwa, na chupa ya kioo hupasuka kwa nguvu ya kutia watu majeraha. Usikisie kwa kutazama mapovu.

Pia, siku moja kabla ya kuhamisha, inyanyue ndoo uiweke juu ya meza. Siku moja kabla, tafadhali. Watu huiacha sakafuni wiki tatu, halafu asubuhi ya kujaza chupa wanaibeba kutoka stoo hadi jikoni, lita 23 zikiyumba mikononi, na papo hapo wamefuta kazi ya Stokes na ya chachu. Ikiwa stoo na jikoni vimetengana sana, hamishia bia palepale stoo. Chini ya upande mmoja wa ndoo weka kipande cha ubao, unene wa vidole viwili, ili ndoo iiname kidogo. Mwisho wa kazi, bia safi itajikusanya upande wa chini, na wewe utakuwa na kidimbwi cha kunywesha mpira wako.

Vifaa ni vichache. Mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani. Bomba gumu la plastiki lenye urefu wa kufika chini ya ndoo, na kwenye ncha yake kofia ndogo iliyogeuzwa, inayolazimisha bia iingie kutoka juu badala ya kufyonzwa kutoka chini. Kofia hiyo ni ya bei ya pipi na inafanya kazi kubwa kuliko vifaa vyote. Ndoo ya pili, tupu, yenye koki karibu na kitako. Vyote vioshwe, kisha vipitishwe kwenye dawa ya kuulia vijidudu. Ukitumia dawa ya klorini, suuza kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe kabisa.

Sasa tuanzishe mkondo. Kila mtu aliyewahi kuona dereva akinyonya mafuta kwa mdomo kutoka kwenye tangi anajua jinsi ya kuanzisha mpira. Usifanye hivyo na bia. Mdomo wa binadamu umejaa bakteria wa kuchachisha maziwa, na hao wakiingia, bia inaweza kuingia uchachu baada ya wiki chache. Badala yake, jaza mpira na bomba maji yaliyochemshwa na kupoa, bana ncha ya mpira kwa kidole kisafi, zamisha bomba kwenye bia, shusha ncha ya mpira chini ya usawa wa ndoo, kisha achia maji yatoke kwenye kikombe. Maji yataivuta bia nyuma yake. Ukiona rangi imebadilika, bana tena, peleka ncha kwenye ndoo ya pili, achia. Ipo pampu ndogo ya mkono ya kazi hii, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya bia, na ni nzuri. Lakini maji na kidole havijawahi kuharibika.

Bomba lisizame mpaka chini mwanzoni. Liweke katikati ya kina cha bia, ulibane kwenye ukingo wa ndoo kwa kibanio ili lisicheze. Bia inavyoshuka, lishushe nalo polepole. Juu ndiko kulikotulia zaidi. Hakuna sababu ya kwenda kuzungumza na mashapo wakati bado una lita 15 safi. Mkono unaoshika bomba hautetemeki ukiwa umeegemea ukingo. Watoto na wageni wakae kando kwa dakika hizo. Kila anayeigonga meza anaongeza wingu.

Upande wa pili, ncha ya mpira ilale kwenye kitako cha ndoo inayopokea, ikizunguka kufuata ukuta. Bia ijae kutoka chini kwenda juu, ikizunguka taratibu, bila kuanguka hata sentimita moja. Hapa ndipo sikio linapofanya kazi. Wakati wa kuanza kuchachusha, oksijeni ilikuwa rafiki, chachu iliihitaji ili izaane. Sasa chachu imelala na oksijeni haina anayeichukua kwa haraka. Itaishambulia bia yenyewe: harufu ya hopsi itapotea, rangi itaiva kuwa kahawia iliyofifia, na baada ya mwezi utaonja karatasi, boksi lililolowa. Wapo wanaoyakwepa mashapo kwa uangalifu mkubwa, huku upande wa pili mpira unaning'inia na bia inadondoka kama mvua. Bia yao ni angavu, na ladha yake ni ya boksi.

Kasi ya mkondo inatokana na tofauti ya urefu kati ya uso wa bia juu na uso wa bia chini. Tofauti ikiwa kubwa, bia inakimbia, na mdomo wa bomba unavuta kwa nguvu kila kilicho karibu. Mwanzoni hilo si tatizo. Lakini ukibakiwa na lita tatu au nne, inyanyue ndoo ya chini, iweke kwenye kigoda, tofauti ipungue na mkondo utulie. Wachache sana hufanya hivi, na ndiyo siri ya lita za mwisho. Inamisha macho yako kwenye mpira sasa, achana na ndoo. Mpira unaoonyesha utakuambia mapema: bia safi ina rangi moja, na mashapo yakianza kuingia utaona uzi mweupe mwembamba unapita katikati yake. Ukiuona uzi huo, bana.

Bana, msikilizaji. Usingoje kuona kama utapotea wenyewe. Chini kumebaki lita moja, pengine moja na nusu, na macho yanaiona kama bia. Ni bia, kweli. Lakini chupa mbili unazoziokoa zitachafua nyingine arobaini, kwa sababu kinachoingia kwenye ndoo ya pili kinachanganyika na chote kilichomo. Aliyezoea hupika lita moja na nusu ya ziada tangu mwanzo, akijua kabisa hatainywa. Kama moyo unakataa, mimina mabaki hayo kwenye jagi peke yake, liweke kwenye friji hadi kesho, unywe bila gesi. Chupa zako ziache.



Kuna ushauri wa zamani wa kuhamishia bia chombo cha pili baada ya wiki moja tu, ikapumzike huko mbali na mashapo. Vitabu vya Marekani vya miaka ya 1980 viliupigia debe. John Palmer, aliyeandika kitabu cha upishi wa bia kinachosomwa sana, alikuwa akiushauri pia, kisha akabadili msimamo. Hofu ya chachu kuoza ilitoka kwenye matangi marefu ya viwandani, yenye joto na mgandamizo mkubwa chini. Ndoo ya lita 23 haina tatizo hilo kwa wiki tatu au nne. Kila kuhamisha ni nafasi moja zaidi ya kuingiza hewa na vijidudu. Hamisha mara moja tu, siku ya kujaza chupa.

Sukari. Kwa bia ya mtindo huu gramu 6 za sukari ya kawaida kwa kila lita zinatosha, yaani gramu 120 kwa lita 20. Pima kwa mizani, si kwa kijiko, na pima lita ulizohamisha hasa, si zile ulizopika. Ichemshe kwenye vikombe viwili vya maji, ipoe, imimine kwenye ndoo tupu kabla ya bia kuanza kuingia. Ule mzunguko wa polepole unaotoka kwenye mpira utaichanganya. Ukiona shaka, pitisha mwiko safi mara chache kwa upole bila kukata uso wa bia. Hakuna haja ya kukoroga.

Chupa ziwe za bia, zile za kahawia, nzima, zisizo na ufa. Kahawia huzuia mwanga unaoharibu hopsi. Za kioo chembamba zilizotengenezwa kwa juisi zisitumike kamwe. Chupa za plastiki za soda zinavumilia mgandamizo vizuri, na zina faida kwa anayeanza: ukiibonyeza baada ya wiki na ikakataa kubonyea, gesi imeingia. Ijaze kwa bomba linalofika kitakoni mwa chupa, uache nafasi ya sentimita mbili hadi tatu shingoni, uzibe. Kizibo cha bati chenye meno unachotumia ndicho kilekile William Painter wa Baltimore alichokipatia hataza mwaka 1892. Weka chupa wima, wiki mbili, kwenye nyuzi kama 20, kisha siku chache kwenye baridi. Chini ya kila chupa patajengeka utando mwembamba mweupe, ukubwa wa sarafu. Huo hauepukiki, ndiyo malipo ya gesi. Mimina kwa mwendo mmoja bila kuirudisha chupa wima katikati, ukome mashapo yanapofika shingoni.

Na yale mashapo uliyoyaacha kwenye ndoo usiyamwage. Tikisa ndoo sasa, kwa raha zako, pamoja na ile lita moja iliyobaki; ngoja mabaki mazito yatue, kisha chota sehemu ya juu, ile nyeupe, uitie kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa. Funika bila kukaza, maana bado inatoa gesi, uiweke kwenye friji. Ndani ya wiki mbili itakuwa na nguvu ya kuchachusha ndoo nyingine nzima, na mara nyingi itaanza kazi haraka kuliko pakiti mpya. Viwanda vya Uingereza vimepokezana chachu hivyo, kutoka mpiko hadi mpiko, tangu zamani. Ikinuka nyama iliyooza au ikigeuka kahawia, itupe ununue nyingine. Ikinukia mkate mbichi, pika.